Camembert, Kijiji Kilichopokonywa Jina

Mama mkwe wangu hanunui jibini bila kuibonyeza. Hufungua kiboksi palepale dukani, akaweka kidole gumba katikati, akakandamiza polepole. Ikiwa ngumu huirudisha rafuni na kusema hiyo wauziwe watu wa Paris. Ikibonyea kidogo na kurudi, huitia kapuni. Muuzaji hamwambii kitu, na wateja wengine wala hawageuki, maana hapa Pays d'Auge, kwenye vilima vya Normandie kaskazini-magharibi mwa Ufaransa, wazee wote ndivyo wafanyavyo. Jibini yenyewe ni Camembert, na mahali ilikopata jina ni mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka nyumbani kwake.

Mimi ni mtu wa Tanga niliyeolewa huku. Ndugu wakija kututembelea huomba wapelekwe Mnara wa Eiffel, halafu waoneshwe "kijiji cha jibini". Mnara haunisumbui, unajieleza wenyewe. Shida ni kijiji. Mgeni hushuka garini, akatazama huku na huku, akauliza kijiji kiko wapi, na yeye amesimama katikati yake.

Camembert ina wakazi wapatao 200. Kuna kanisa dogo la Mtakatifu Anna, kuna ofisi ya meya, kuna nyumba chache kwenye mteremko, na kuna jengo la makumbusho lililojengwa kwa umbo la kiboksi cha jibini, jambo ambalo halijamfurahisha mama mkwe hadi leo. Ukimaliza hapo ni malisho, miti ya matufaha na mashamba yaliyotawanyika, kila moja limejificha mwisho wa kinjia chake.

Mahali kama hapa Wafaransa wanapaita komini. Wasomaji wa Bujumbura na Bukavu hawahitaji kuelezwa. Kwa wengine niseme kwamba ndiyo ngazi ya chini kabisa ya utawala, na kwamba Ufaransa inazo karibu 35,000, takriban nusu yake zikiwa na watu wasiofika 500. Zilizaliwa kwa sheria ya Desemba 1789, miezi michache tu baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuanza, na nyingi zilirithi mipaka ya parokia zilizokuwapo. Ndiyo maana watu 200 wana meya wao, bajeti yao na viti 11 vya madiwani. Wananchi huwachagua madiwani, madiwani wakamchagua meya, muhula miaka sita. Meya huyo ndiye anayeshughulikia barabara ndogo, makaburi, vibali vya ujenzi, kumbukumbu za vizazi na vifo, na ndoa pia. Hapa ndoa ya kanisani au ya msikitini haitambuliwi na sheria. Lazima kwanza mpite kwa meya.

Sisi tulifungishwa na meya wa komini ya jirani, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Aliingia na utepe wake wa rangi tatu umepita begani juu ya koti, nywele bado mbichi kwa kuoga haraka, akasoma vifungu vya sheria kama mtu anayewahi basi. Tulipomaliza kutia sahihi alimnong'oneza mume wangu kwamba ana ng'ombe anayezaa, akaomba radhi, akaondoka. Mjomba wangu aliyetoka Muheza, naye mfugaji, alisema huyo ndiye kiongozi wa kwanza aliyemwelewa tangu atue Ulaya.

Ng'ombe ndio mwanzo wa habari yote ya hapa. Udongo wa Pays d'Auge ni mfinyanzi mzito unaoshika maji, mvua hunyesha mwaka mzima bila kuwa kali, na majira ya baridi si ya kutisha. Ngano haipapendi sana, nyasi zinapapenda. Kwa karne nyingi watu walifuga, wakagawa vilima kwa nyua za miti hai zilizoota juu ya matuta ya udongo, na ndani ya malisho hayohayo wakapanda matufaha marefu, ili ng'ombe ale chini na tunda liive juu. Matufaha hayaliwi mezani. Ni machachu, ya kukamuliwa. Juisi yake ikichacha inakuwa sida, na sida ikichemshwa na mvuke wake kukusanywa inakuwa Calvados, pombe ambayo mimi naishia kuinusa tu.

Nyumba nazo zilijengwa kwa kilichokuwa karibu. Fremu ni ya mbao za mwaloni, zimesimama kwa ukaribu, na nafasi kati ya mbao imejazwa udongo uliokandwa na majani makavu. Babu yangu kule Muheza aliishi katika nyumba ya kukandika, na mara ya kwanza nilipoona ukuta wa zizi la mama mkwe umebanduka chokaa, fito na udongo vikaonekana, nilijua mara moja unavyozibwa. Tofauti ni kwamba huku mwaloni umedumu kwa karne kadhaa na serikali inaweza kukukataza kuugusa. Kuna majengo ya Normandie yaliyoandikishwa kuwa urithi wa taifa, na mwenye nyumba akitaka kubadilisha hata dirisha lazima aombe ruhusa.

Kijiji jirani cha Crouttes kina mfano mzuri kuliko yote ya hapa. Ni Priori ya Saint-Michel, makao ya zamani ya watawa waliokuwa chini ya abasia ya Jumièges, yenye ghala la zaka la karne ya 13. Ghala hilo halikujengwa kwa ajili ya kusali. Wakulima walileta humo sehemu ya mavuno yao iliyodaiwa na watawa, na ukisimama ndani, chini ya mbao zile nene zilizopanda hadi gizani, unaona mara moja nani alikuwa na nguvu na nani alibeba magunia.

Huko Crouttes ndiko alikozaliwa, mwaka 1761, msichana aliyeitwa Marie Fontaine. Aliolewa na Jacques Harel, na kwa jina la Marie Harel amekuwa mama wa Camembert kwa wanafunzi wote wa shule za Ufaransa.

Hadithi yake inasimuliwa hivi. Mapinduzi yalipopamba moto, serikali mpya iliwataka mapadre waape utii kwa katiba iliyowafanya kuwa watumishi wa dola. Wengi walikataa, na waliokataa walisakwa. Mmoja wao, padre Charles-Jean Bonvoust, alipata maficho katika jumba la shamba la Beaumoncel, ndani ya Camembert, ambako Marie alikuwa akitengeneza jibini. Inasemekana padre huyo alijua namna wanavyotengeneza jibini huko Brie, mashariki ya Paris, akamfundisha mwenyeji wake. Marie akaunganisha mbinu ya Brie na kalibu ndogo za kwao, na dunia ikapata Camembert.

Ni hadithi tamu, na Beaumoncel bado ipo, ukuta wa mbao na paa la mteremko mkali, unaweza kuitazama kutoka njiani. Lakini haisimami vizuri. Mwaka 1708 Thomas Corneille, ndugu wa yule mwandishi maarufu wa tamthilia, alichapisha kamusi ya jiografia ambamo anausifu mji wa Vimoutiers, kilomita chache kutoka hapa, kwa gulio lake la kila Jumatatu linaloletewa jibini nzuri za Livarot na Camembert. Yaani jibini iliitwa Camembert, na iliuzwa, miaka 53 kabla Marie hajazaliwa.

Kwa nini basi hadithi imeshika? Pierre Boisard, mwanasosholojia aliyeandika kitabu kizima juu ya Camembert na utaifa wa Ufaransa, alilitafakari swali hili kwa makini. Mimi naongezea la kwangu. Nchi iliyochinjana kwa sababu ya mfalme na kanisa ilihitaji kisa ambamo padre na mkulima wanafichana na kulishana. Si mbali na hapa ndiko alikozaliwa Charlotte Corday, yule binti aliyemchoma kisu mwanamapinduzi Marat kwenye beseni la kuogea tarehe 13 Julai 1793 na kukatwa kichwa siku nne baadaye. Kati ya mabinti wawili wa vilima hivi walioguswa na Mapinduzi, ni rahisi kujua yupi ataandikiwa vitabu vya watoto.

Marie hakukosa sifa yake, lakini. Yeye na wanawe waliifanya jibini kuwa biashara. Binti yake aliolewa katika ukoo wa Paynel, na wajukuu wakaipeleka mbali. Masimulizi yanasema reli ya kutoka Paris kwenda Granville ilipozinduliwa, mmoja wa Paynel alimwonjesha Kaizari Napoleon III jibini katika stesheni ya Surdon, naye akaagiza apelekewe ikulu. Kama ni kweli au la, reli yenyewe haina ubishi: bidhaa inayooza upesi, iliyokuwa ikisafirishwa juu ya majani makavu, sasa ilifika Paris ikiwa bado nzima. Kisha mwaka 1890 mhandisi Eugène Ridel akabuni kiboksi cha mviringo cha ubao mwembamba wa mti wa mpopla. Kikatosha kuibeba Camembert hadi ng'ambo ya bahari, na kikawapa wenye viwanda uso wa kubandika lebo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa ndani ya posho ya askari kwenye mahandaki. Kijana wa kusini aliyekuwa hajawahi kuiona aliionja vitani, na akirudi kwao, kama alirudi, alikuwa tayari mteja.

Kufanikiwa huko ndiko kulikowaponza. Kila mwenye maziwa na kalibu, awe Lorraine, awe Uswisi, awe Marekani, alianza kutengeneza "Camembert". Watengenezaji wa Normandie waliunda chama chao mwaka 1909 kulilinda jina, wakaenda mahakamani, na mwaka 1926 mahakama ya rufaa ya Orléans ikawaambia kwamba wamechelewa: neno limekwisha kuwa la kila mtu, linataja aina ya jibini na halitaji tena mahali. Kijiji cha watu wachache kikawa kimenyang'anywa jina lake kihalali kabisa, kwa mhuri. Nikisoma habari za mazao ya kwetu yanayouzwa Ulaya kwa majina ya wanunuzi, naikumbuka hukumu hiyo.

Mwaka huohuo wa 1926 ndipo akatokea daktari wa Kimarekani, Joseph Knirim. Alishuka Vimoutiers akatangaza kwamba maradhi yake ya tumbo yaliponywa na Camembert, na kwamba amevuka bahari kuja kutoa heshima kwa aliyeibuni. Mfamasia mmoja wa mji, Auguste Gavin, alimpokea na kumwongoza. Huyo Marie Harel, ambaye nje ya eneo hili alikuwa hajulikani, ghafla akawa na msafiri kutoka New York aliyetaka ajengewe sanamu, na fedha za kuanzia akaziacha. Wenyeji hawakuipoteza nafasi hiyo. Tarehe 11 Aprili 1928 sanamu ilizinduliwa Vimoutiers, na mzinduzi hakuwa mtu mdogo: Alexandre Millerand, aliyekuwa rais wa nchi hadi 1924. Kama jina limepotea mahakamani, angalau mama apatikane. Ndivyo ninavyolielewa mimi tukio lile, na mume wangu hunikatalia kila tukilizungumza.

Mama mkwe hakuikuta sanamu ile ikiwa nzima kwa muda mrefu. Alikuwa mtoto wa miaka sita tarehe 14 Juni 1944, siku nane baada ya majeshi ya Marekani, Uingereza na Kanada kutua kwenye fukwe za Normandie. Ndege za Kimarekani ziliupiga mji wa Vimoutiers ili kuziba barabara za Wajerumani. Mji uliteketea karibu wote, na zaidi ya watu 200 wakafa, raia wa kawaida. Yeye alikuwa shambani kwa bibi yake, juu ya kilima. Anasema kinachomkaa kichwani ni ng'ombe, kuliko hata mlio wa mabomu: walikimbia wote hadi pembe ya chini ya malisho wakasimama wakiwa wameelekeza makalio kwenye moshi, na jioni hakuna aliyekubali kukamuliwa.

"Walitukomboa, mwanangu," huniambia. "Wakatuua, wakatukomboa. Yote mawili uyaandike."

Mwezi Agosti ikaja zamu ya majeshi yenyewe. Wajerumani walizingirwa kati ya Falaise na Chambois, na upenyo pekee wa kutokea ulipita kwenye vilima vya hapa karibu. Juu ya kilima cha Mont-Ormel wanajeshi wa Divisheni ya Kwanza ya Vifaru ya Poland walishikilia mahali pao kuanzia tarehe 19 hadi 21 Agosti, risasi zikiwaishia, huku misafara ya Wajerumani ikijaribu kupenya chini yao. Njia za mashambani, zile zenye nyua za miti pande zote mbili ambazo leo watalii wanapiga picha, zilijaa mizoga ya farasi, magari yaliyoungua na maiti. Kifaru kimoja cha Kijerumani aina ya Tiger kiliachwa kando ya barabara nje ya Vimoutiers, na hakijaondoka. Kilikaa miaka mingi kwenye ukingo kikiota kutu, watoto wakikipanda, hadi mwaka 1975 kilipoandikishwa kuwa mnara wa kihistoria, kikapewa rangi na jukwaa. Ndugu zangu wanaume hupenda kupiga picha hapo kuliko penginepo pote. Siwazuii, ila mimi hubaki garini.

Katika mashambulizi ya Juni sanamu ya Marie Harel ilikatika kichwa. Vita ilipokwisha, waliojitolea kuleta nyingine walikuwa Wamarekani: wafanyakazi wa kiwanda cha jibini cha kampuni ya Borden kule Van Wert, Ohio. Kiwanda hicho kilikuwa kikitengeneza, ndiyo, Camembert. Msomaji aone mwenyewe jinsi mambo yalivyofungamana: waliotumia jina bila kuuliza, kutoka nchi ambayo ndege zake ziliangusha mabomu, wanachangishana fedha kumrudishia kichwa mama wa jibini. Wenyeji wengi walinung'unika, wakihofu kwamba sanamu itakuwa tangazo la biashara la kampuni ya kigeni. Hatimaye ikapokewa, ikazinduliwa mwaka 1953, na maandishi yake yanawataja wanaume na wanawake 400 wa Van Wert. Ya zamani haikutupwa. Imesimama nyuma ya ofisi ya meya wa Vimoutiers, haina kichwa.

Turudi kwenye jibini, maana bila kuiona ikitengenezwa hutaelewa ugomvi unaoendelea hadi leo. Nilipelekwa asubuhi moja kwenye shamba ambalo bado linafanya kazi hii kwa mkono. Chumba kina joto la mvuke na harufu ya maziwa yanayoanza kuchachuka. Maziwa ni mabichi; sheria ya jina lililolindwa, ambalo nitalifikia, inakataza kuyapasha zaidi ya nyuzi 40. Hutiwa kigandishi kinachotoka tumbo la ndama, yakaganda kwenye mabeseni makubwa hadi kisu kikipita kinaacha ufa safi wenye maji ya kijanikijani. Mezani kuna kalibu mamia, mikebe mirefu isiyo na kitako, yenye vitundu ubavuni. Mama mmoja mwenye aproni nyeupe alichota mgando kwa upawa ambao kipenyo chake kinaingia sawasawa ndani ya kalibu, akauteremsha bila kuuvunja, akahamia inayofuata. Upawa mmoja kila kalibu. Alipofika mwisho wa meza alinawa, akaketi, akanywa kahawa. Baada ya dakika zisizopungua 40 alianza upya, upawa wa pili. Kisha wa tatu. Sheria inataka angalau pawa tano kwa kila jibini, ili maji yajichuje yenyewe kwa uzito na mgando ubaki na mafuta yake.

Nilimwuliza kama hachoki. Alijibu kwamba anayechoka ni yule anayetaka kufika mwisho.

Kesho yake jibini hugeuzwa, hutiwa chumvi, hurushiwa mbegu za ukungu, ikapelekwa chumba cha baridi yenye unyevu mpaka iote manyoya meupe. Haiuzwi kabla ya siku 21 tangu maziwa yagandishwe. Kiboksi kimoja cha gramu 250 kimekula zaidi ya lita mbili za maziwa.

Hapo ndipo wenye viwanda wanapokuna vichwa. Maziwa mabichi ni mali tamu na ya hatari. Yana vijidudu vingi vinavyoleta ladha, na safari moja moja yanaweza kubeba kijidudu kinachoua. Nilipokuwa na mimba daktari alinikataza kabisa jibini za namna hii, na mama mkwe, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, akakubaliana na daktari. Normandie ilifanikiwa mwaka 1983 kupata ulinzi wa serikali kwa jina refu, "Camembert de Normandie", kwa kuwa fupi lilikuwa limekwenda. Mwaka 2007 makampuni mawili makubwa yaliomba yaruhusiwe kuyapasha maziwa moto na bado yatumie jina hilo. Watengenezaji wadogo walikataa, na kanuni mpya za mwaka uliofuata zikabaki na maziwa mabichi. Wakubwa wakaandika kwenye lebo zao maneno yanayokaribiana sana na hayo, "iliyotengenezwa Normandie", na mnunuzi mwenye haraka hakuona tofauti. Ugomvi wa maneno hayo ulichukua miaka kabla mamlaka hazijaagiza yaondolewe.

Mimi nilikuwa nikiuona ugomvi huu kama wa wenye fedha na lebo zao, hadi mama mkwe aliponitoa nje ya nyumba na kunionesha bonde. Upande wa kushoto, nyasi, nyua, ng'ombe wa Normande wenye mabaka ya kahawia na miduara ya rangi machoni kama waliovaa miwani. Upande wa kulia, mahindi, shamba moja refu lisilo na mti. Tangu vita ilipokwisha, serikali ilihimiza mashamba madogo yaunganishwe ili matrekta yapite. Nyua zikang'olewa nchi nzima. Baadaye wakulima wakalipwa fidia kung'oa hata matufaha. Ng'ombe weusi kwa weupe wa Holstein, wanaotoa maziwa mengi zaidi, wakawasukuma wale wa asili, na mahindi ya kusindika yakachukua nafasi ya majani. Marehemu baba mkwe alikataa kung'oa ua hata mmoja, wakamcheka sana.

Kanuni za jina lililolindwa zinasema nini juu ya hayo? Kwamba angalau nusu ya ng'ombe wawe wa Normande, na kwamba wachungwe nje miezi isiyopungua sita kwa mwaka. Kwa hiyo kila kiboksi cha jina hilo kinalipia kipande cha ule upande wa kushoto wa bonde. Hilo halimo kwenye lebo, na sanamu ya Vimoutiers hailisemi.

Wafugaji wenyewe wanapungua. Ndani ya komini ya Camembert, kwa miaka mingi shamba moja tu, La Héronnière, ndilo lililokuwa likitengeneza jibini ya jina la kijiji kwa maziwa ya ng'ombe wake lenyewe. Kazi ni ya alfajiri hadi usiku, siku saba, na vijana wanayo macho.

Na sasa hata ukungu umeanza kuchoka. Zamani manyoya ya Camembert yalikuwa ya kijivu, ya kibuluu, pengine na mawaa ya rangi ya chungwa, kwa sababu ukungu wa kila namna uliota humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikachaguliwa aina moja nyeupe, Penicillium camemberti, kwa kuwa wanunuzi walipenda kitu kinachoonekana safi. Aina hiyo imekuwa ikizalishwa kutokana na yenyewe kwa muda mrefu mno, bila kuchanganya mbegu, na mwanzoni mwa 2024 wanasayansi wa kituo cha taifa cha utafiti, CNRS, walionya kwamba imedhoofu na uwezo wake wa kutoa vijimbegu unafifia. Dawa wanayopendekeza ni kuruhusu tena ukungu mwingine, yaani kukubali jibini yenye rangi tofauti tofauti. Nilipomweleza mama mkwe alikuwa anamenya viazi. Akasema bibi yake asingeigusa nyeupe hata kwa kisu.

Mwenye kutaka kuja apande treni ya Paris–Granville, njia ileile ya Napoleon III, ashuke Argentan na kukodi gari, kwani usafiri mwingine wa kufika vijijini ni wa kubahatisha. Aanze Crouttes kwenye ghala la zaka, apite Beaumoncel bila kuingia uani kwa watu, na kama muda ni mchache jumba la umbo la kiboksi aliache. Asiiache sanamu isiyo na kichwa. Haiko mahali pa kuonekana, itabidi aulize, na akiuliza kwa adabu, kwa kuanza na "bonjour" kabla ya neno lolote, atapelekwa hadi pale na kusimuliwa habari zote za Ohio, akitaka asitake.